Moto wa Mama na Hesabu ya Mwana

Wasomaji wapenzi, juma hili njoni tuketi jikoni. Nataka tuzungumze juu ya kompyuta. Mama, usigeuze ukurasa! Najua utasema, "Hayo ni mambo ya vijana na ya watu wa mjini." Ngoja kwanza. Kompyuta ninayotaka kuisema ni ile simu aliyo nayo mwanao mfukoni, na hesabu ninayotaka kuisema ni hesabu ya jiko lako.

Yupo mama mmoja Ruangwa, mjane, ambaye ni mama lishe karibu na stendi ya mabasi. Huuza wali, ugali, maharage na chai. Ana watoto wawili. Mkubwa amemaliza kidato cha nne. Mdogo ni msichana ambaye bado yuko shuleni. Kila gunia la makaa linapopanda bei, faida ya mama huyu hupungua, na akina mama wengi mnaosoma gazeti hili mnajua jinsi jambo hilo linavyouma.

Yule kijana ni mwenye bidii. Siku moja alimwambia mama yake, "Mama, nimetengeneza programu ya kuhesabu joto la jiko letu. Nimeona kwamba makaa yako karibu yote yanapotea bure."

Mama akauliza, "Programu ni kitu gani, mwanangu?"

Kijana akajibu vizuri. Programu ni maagizo yaliyopangwa moja baada ya moja, kama vile wewe unavyomwagiza binti yako: chota maji, teleka sufuria, yakichemka tia unga, songa. Binti akifuata maagizo, ugali unaiva. Mashine nayo hufuata maagizo hivyo hivyo. Haina akili ya kujiuliza kama umesahau chumvi.

Je, alikuwa akihesabu nini? Alihesabu miali ya joto, yaani lile joto ambalo kitu cha moto hulirusha bila kuguswa. Ukikaa mbele ya moto, uso wako hupata joto ijapokuwa mgongo una baridi. Joto hilo halikuletwa na hewa peke yake. Limekuja kama mwanga unavyokuja, na kwa kweli ni ndugu yake mwanga, isipokuwa jicho halilioni. Msilichanganye na mionzi ya hospitali ile ya kupiga picha za mifupa. Hii ya moto ni ya jikoni tu, na kila kitu huitoa: makaa, ukuta, mwili wako, hata barafu.

Hebu mwangalieni mhunzi. Chuma kikiwa na joto la digrii 400 hakiwaki, ingawa kitakuunguza. Kikipita kama digrii 525 huanza kuonekana chekundu gizani. Karibu na 700 kina wekundu uliofifia. Karibu na 950 kina rangi ya chungwa. Kikifika 1,300 huwa cheupe. Mhunzi hana kipima joto, ila rangi humwambia. Makaa nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo yule kijana aliangalia jiko la mama yake kivulini, akaona wekundu wa kawaida, akasema, "Hii ni kama digrii 700." Hapo hakukosea.

Sasa yatupasa kumjua mtu aliyetupa hesabu yenyewe. Jina lake ni Josef Stefan, Mslovenia aliyezaliwa mwaka 1835 katika dola ya Austria. Wazazi wake walikuwa maskini. Baba yake alikuwa msaidizi katika kinu cha kusaga unga, na mama yake alikuwa mtumishi wa nyumbani. Alipokuwa kijana alifikiri kuingia utawa wa Wabenediktini, shirika lile lile la watawa mnaowajua ninyi wa kusini, waliofungua misioni ya Ndanda mwaka 1906. Lakini elimu ya fizikia ikamvuta, akawa mwalimu katika chuo kikuu cha Vienna. Mwaka 1879 alitangaza kanuni yake, na kwa kanuni hiyo akakadiria kwamba uso wa jua una joto la kama digrii 5,430. Mwaka 1884 mwanafunzi wake, Ludwig Boltzmann, alieleza sababu ya kanuni ile. Siku hizi wataalamu husema uso wa jua una digrii kama 5,500. Tazameni jinsi mtoto wa msaga unga alivyokaribia, naye hana simu wala kompyuta!

Kanuni yenyewe ni fupi, na mtoto wa sekondari aweza kuiandika katika jedwali la hesabu la simu kwa mistari michache:

Kwanza, chukua joto la kitu kwa digrii za kawaida, kisha jumlisha 273.

Pili, gawanya kwa 100.

Tatu, jibu ulilopata lizidishe lenyewe kwa lenyewe, liwe limeandikwa mara 4.

Nne, zidisha kwa 5.67. Hapo umepata wati zinazorushwa na kila mita moja ya mraba ya kitu cheusi.

Tano, zidisha kwa ukubwa wa kitu kinachopokea.

Sita, zidisha kwa weusi wake. Masizi hupokea kama sehemu 95 katika 100. Alumini inayong'aa hupokea kama sehemu 10 tu, nyingine huzirudisha kama kioo.

Saba, zidisha kwa sehemu ya miali inayokifikia kitu hicho, maana mingine hupita pembeni.

Hiyo ndiyo programu nzima. Ninyi wa Ruangwa mnajua madini ya kinywe yaliyomo katika ardhi yenu, yale meusi ambayo hutiwa katika penseli na katika betri. Weusi wa namna hiyo, na weusi wa masizi, ndio unaopokea miali vizuri na kuirusha vizuri. Kitu king'aacho ni mchoyo: hakipokei wala hakitoi.

Turudi kwa kijana wetu. Sufuria ya mama yake ilikuwa na kitako chenye upana wa sentimita 24, nayo ilikuwa nyeusi kwa masizi. Programu ikampa jibu: wati kama 450 zinaingia katika sufuria. Naye alikuwa amesoma kwamba kilo moja ya makaa ina nishati ya kama megajuli 29, hivyo nusu kilo kwa saa ni kama wati 4,000. Akasema, "Mama, katika sehemu 100 za makaa yako, sufuria inapata 11 tu. Sehemu 89 ni hasara! Tununue jiko kubwa la gesi. Tukikosa fedha, tukope."

Kukopa kwa nani? Kwa wale watu wa mikopo ambayo wananchi wenyewe wameiita kausha damu. Riba yake ni ya kutisha, na marejesho hudaiwa kila siku. Mama alikuwa na akiba kidogo kwa mahitaji ya shule ya yule binti. Akafikiri moyoni, "Mwanangu amesoma, na mashine imesema. Mimi ni nani nibishane na mashine?" Akakubali. Ikabaki kutia dole gumba tu.

Wapenzi wasomaji, simameni hapa kidogo. Ni mara ngapi tumenyamaza kwa sababu jibu limetoka katika karatasi au katika mashine?

Ninyi wa Nachingwea mnayo historia ya jambo hili, na wazee wenu waliwasimulia. Mwaka 1947 Serikali ya Waingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika: Kongwa, Urambo na hapo hapo Nachingwea. Katika karatasi yalihesabiwa mashamba ya ekari zaidi ya milioni 3. Reli ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo, na bandari ya Mtwara pia. Lakini udongo na mvua havikuulizwa ya kutosha. Visiki vilivunja mashine, na udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama saruji. Mwezi wa Januari 1951 mpango uliachwa, nazo zilikuwa zimepotea pauni kama milioni 36. Reli nayo iling'olewa baadaye. Kujumlisha na kuzidisha kwenyewe hakukuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika yale yaliyotiwa ndani ya hesabu, na katika kutojaribu shamba dogo kwanza.

Kwa bahati njema, yule mjane anaye kaka yake Nachingwea, mwalimu mstaafu aliyefundisha sayansi miaka mingi. Mama akasema, "Kabla sijatia dole, nenda ukamwonyeshe mjomba wako." Kijana akapanda basi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Leta hiyo simu. Ila usinionyeshe jibu. Nionyeshe mstari wa kwanza."

Kijana akaonyesha. Mwalimu akasoma, akacheka. "Umeandika 700 tu. Iko wapi 273?"

Kijana akaona haya. Alikuwa ameisahau.

Labda nawe utauliza, 273 ni ya nini? Mwalimu alieleza hivi. Digrii sifuri tunayoijua ni pale maji yanapoganda. Lakini hapo joto halijaisha. Barafu bado ina joto, na bado hurusha miali, kama wati 315 kwa kila mita ya mraba. Joto huisha kabisa chini sana, digrii 273 chini ya sifuri yetu. Kanuni ya Stefan huhesabu kuanzia mwisho ule wa chini. Ukihesabu kutoka sifuri ya kawaida, ni kama kupima kimo cha mtu kuanzia magotini.

Kijana akasahihisha mstari mmoja. 700 ikawa 973. Jibu likaruka kutoka wati 450 hadi kama wati 1,700! Yaani karibu mara 4. Zile sehemu 11 katika 100 zikawa 42. Mstari mmoja, tarakimu 3 zilizosahauliwa, na familia ilikuwa karibu kuingia katika deni.

Je, mwalimu akaridhika? La. Akasema, "Jibu la kwanza lilikuwa la uongo. Hili la pili silijui bado. Twende tukaulize sufuria."

Jumapili, baada ya Misa, alikuwa amefika Ruangwa kwa dada yake. Wakapima makaa kwa mizani ya dukani. Wakatia lita 3 za maji katika sufuria mbili za aina moja. Moja ilikuwa na kitako cheusi. Nyingine binti alikuwa ameisugua kwa mchanga mpaka inang'aa, kama alivyofundishwa. Jiko lilikuwa lile lile, makaa uzito ule ule, mara moja hii na mara moja ile. Ile nyeusi ilichemka kwa dakika 12. Ile iliyong'aa ilichemka kwa dakika 15. Mwalimu akasema mara moja si ushahidi. Siku mbili zilizofuata wakarudia, wakibadilisha ipi itangulie. Kila mara nyeusi ilishinda.

Sasa angalieni hesabu. Kuchemsha lita 3 za maji kutoka digrii 27 kwa dakika 12 ni kazi ya wati kama 1,270. Programu ilisema 1,700. Kwa nini ilizidisha? Kwa sababu makaa halisi yana majivu juu yake, yana mapengo katikati, na maji hupoteza mvuke. Na ile sufuria ya kung'aa, programu ilisema itapata wati 180 tu, kumbe ilipata kama 1,000. Kwa nini ilipunguza? Kwa sababu programu huhesabu miali peke yake. Haikuhesabu hewa ya moto inayopanda, wala kaa linalogusa kitako. Basi programu ilisema kweli kwa upande mmoja, kwamba nyeusi ni bora, lakini haikujua mambo yote ya jikoni.

Mwalimu akamwambia mpwawe, "Usione haya. Programu hii umeitengeneza mwenyewe, ndiyo maana tumeweza kuifungua na kuona kosa. Ungalinunua iliyofungwa, tungalijuaje? Kazi ya mkono wako ina faida hiyo."

Kisha wakaitumia vizuri. Waliuliza: makaa yakiungua na kushuka chini, hasara ni kiasi gani? Hesabu ya sehemu inayofika ikajibu. Sufuria ile ikiwa sentimita 3 juu ya makaa, katika miali 100 inapata kama 78. Ikiwa sentimita 12 juu, inapata kama 38. Nusu imepotea pembeni! Na makaa yakipepewa yakafika digrii 900, miali huzidi mara 2, lakini makaa nayo huisha upesi. Basi mama akaagiza wavu wa jiko unyanyuliwe kidogo, hewa ipite chini lakini moto uwe karibu na kitako. Akaweka kinga ya upepo. Masizi manene ya kubabuka akayakwangua, ila weusi wenyewe akauacha nje. Ndani ya sufuria, binti, sugua mpaka ing'ae!

Je, mkopo? Haukuchukuliwa. Mama akasema, "Nitangoja fedha za korosho." Maana gesi yenyewe si mbaya, tusielewane vibaya. Moshi na hewa ya makaa huumiza, na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa huua watu usingizini. Msilale nalo kamwe, hata siku ya baridi. Mwaka 2024 Serikali ilitoa mkakati kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika 100 wapikie nishati safi, na ni jambo jema. Lakini kununua jiko la gesi kwa fedha yako ni kitu kimoja, na kulinunua kwa kausha damu kwa sababu ya hesabu iliyopungukiwa 273 ni kitu kingine. Ile akiba ya binti ipo, na binti yuko shuleni.

Ninyi vijana, nawaambieni neno. Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa Dar es Salaam, katika Wizara ya Fedha, na mwananchi wa Nachingwea asingeweza hata kuiona. Leo mnayo mfukoni iliyo na nguvu kuliko ile, na wengi mnaitumia kwa kutazama mpira tu. Tengenezeni programu ndogo ndogo. Mkitaka, nendeni mbele zaidi. Mwaka 1900 Max Planck, huko Berlin, alipata kanuni inayogawa miali kwa rangi zake. Ni ndefu kidogo, lakini simu huikata vipande vidogo kama mkate, ikahesabu kila kipande, kisha ikajumlisha. Mtaona ajabu. Makaa ya digrii 700 hutoa kwa mwanga unaoonekana chini ya sehemu 1 katika 100,000 ya miali yake. Jua hutoa kama 37 katika 100. Ndiyo maana huwezi kusoma kitabu kwa mwanga wa jiko, ijapokuwa linakuchoma.

Na hii ndiyo kazi yenu ya juma hili. Bati kuukuu lenye kutu huweza kufika digrii 60 mchana. Hesabuni linarusha wati ngapi kwa kila mita ya mraba, tukilichukua kuwa kama kitu cheusi. Kisha hesabuni dari ya mkeka yenye digrii 35. Mkipata kama 700 kwa bati na 510 kwa mkeka, mmeweza. Mkipata 0.73 kwa bati, rudini mstari wa kwanza, mjue ni nini mmesahau. Halafu ingieni ndani saa nane mchana, mkaulize uso wenu kama hesabu inasema kweli.

Ninyi akina mama, msiogope. Mwanao akikuletea jibu kutoka katika simu, mpongeze, kisha mwulize maswali mawili: "Umetia nini ndani yake?" na "Tumeijaribu wapi?" Maswali hayo hayahitaji cheti cho chote. Yule mjane wa Ruangwa hajui kanuni ya Stefan mpaka leo, lakini alisema, "Nenda kwanza kwa mjomba wako," na neno hilo likaokoa nyumba yake.